Je, Wajua? Protini Ikipigwa Chapa Isiyo Yake

Mwamkulu, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, ni nchi ya mpunga, mahindi na karanga, na mbuga ya tembo haiko mbali. Toleo hili linazungumzia saratani, ila halianzi hospitalini. Linaanza na vitu ambavyo mkazi wa Mwamkulu anavifahamu: gunia, kuku, chandarua, ugali, tembo. Kila kimoja kinatupeleka kwenye alama ndogo zinazobandikwa juu ya protini za mwili, na kwenye madhara yanayotokea alama hizo zikikosewa.

CHAPA NI NINI?

1. Je, wajua kwamba jeni za binadamu zinazotoa maelekezo ya kuunda protini ni kama 20,000 tu, wakati kazi za mwili hazihesabiki? Mwili unajitosheleza kwa kubadili protini baada ya kuziunda. Unazibandika fosfati, sukari, asetili, mafuta, hata protini nyingine ndogo. Mfugaji anaelewa: ng'ombe akishapigwa chapa anabaki kuwa ng'ombe yuleyule, lakini sasa inajulikana ni wa nani na anatakiwa aende wapi. Protini nayo huambiwa kwa chapa iamke, ilale, ihame au ife. Tofauti ni kwamba chapa nyingi za mwilini hufutika, nyingine baada ya dakika chache tu.

2. Je, wajua kwamba chapa mojawapo hupimwa kila siku kwenye kliniki za kisukari? Sukari ya damu hunata kwenye hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Kwa kuwa chembe nyekundu za damu huishi miezi minne hivi, kiasi cha sukari kilichonata humweleza daktari jinsi mgonjwa alivyokula na kumeza dawa kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Mtu anaweza kujinyima soda siku moja kabla ya kipimo. Hemoglobini yake haidanganyiki.

3. Je, wajua kwamba chapa ya fosfati ilifahamika kupitia msuli? Mwaka 1955, Edmond Fischer na Edwin Krebs, waliokuwa wakifanya kazi Seattle, Marekani, walionyesha kwamba kimeng'enya kinachovunja akiba ya sukari msulini huamshwa kwa kubandikwa fosfati na hulala fosfati ikiondolewa. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 1992.

4. Wajua wabandikaji wa fosfati ni wangapi? Vimeng'enya vya aina hiyo huitwa kinasi, na hesabu iliyochapishwa mwaka 2002 ilikuta jeni 518 za kinasi kwa binadamu. Nyingi kati ya hizo ndizo huamua lini seli igawanyike na lini isimame. Kinasi moja ikikwama katika hali ya kuwaka, seli hupokea amri ya kugawanyika bila kukoma. Hapo mlango wa saratani unakuwa wazi.

KUKU ALIYEFUNGUA NJIA

5. Je, wajua kwamba kisa cha kinasi na saratani kilianzia kwa kuku? Mfugaji mmoja wa Marekani alimpelekea Peyton Rous kuku mwenye uvimbe. Mwaka 1911 Rous alitangaza kwamba uvimbe ule huambukizwa kwa kitu kidogo kuliko bakteria, yaani kirusi. Wenzake wengi hawakumtilia maanani. Nobel yake ilikuja mwaka 1966, miaka 55 baadaye, akiwa mzee wa miaka 87.

6. Wajua kirusi kile kilikuwa na silaha gani? Jeni iitwayo Src. Mwaka 1978 watafiti walibaini kwamba protini ya jeni hiyo ni kinasi, yaani mbandikaji wa fosfati. Ajabu zaidi, Src si mali ya kirusi: kiliiiba zamani kutoka kwenye seli za kuku mwenyewe. Nasi binadamu tunayo yetu, ila ya kwetu ina kizuizi na ile ya kirusi imekatwa kizuizi hicho.

7. Je, wajua kwamba uvivu kidogo maabara ulizaa ugunduzi mkubwa? Mwaka 1979 Tony Hunter, wa Taasisi ya Salk huko California, alitumia kimiminika cha zamani badala ya kuchanganya kipya. Asidi yake ilikuwa imeongezeka kwa kukaa, na kwa sababu hiyo kikatenganisha vitu viwili ambavyo kwa kawaida hutembea pamoja. Hunter akaona fosfati imebandikwa kwenye tairosini, asidi amino ambayo hakuna aliyeitarajia. Leo kinasi za tairosini ni shabaha ya dawa nyingi za saratani.

8. Wajua dawa iliyotokana na njia hiyo? Ni imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Hutibu saratani ya damu ya aina sugu ambayo kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande na kuzaa kinasi isiyolala. Dawa huingia pale kinasi inapochukulia fosfati na kuziba nafasi. Ugonjwa uliokuwa ukiua ndani ya miaka michache ukawa wa kumeza vidonge na kuendelea na kazi: katika utafiti mkuu wa dawa hiyo, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Wagonjwa wa Tanzania na Kenya walikuwa miongoni mwa waliopata dawa hiyo bure kupitia mpango wa msaada wa kimataifa.

9. Je, wajua kwamba si kila saratani ya matiti ni moja? Takribani 15 hadi 20 kati ya 100 zina protini iitwayo HER2 kwa wingi kupita kiasi juu ya seli. Protini hizo zikisongamana hubandikana fosfati zenyewe kwa zenyewe na kuiamuru seli ikue. Dawa ya trastuzumabu, iliyoidhinishwa mwaka 1998, huzishika kwa nje. Ndiyo maana daktari hutaka kinyama cha uvimbe kipimwe kabla ya kuchagua dawa.

MLINZI AITWAYE p53, NA TEMBO WA KATAVI

10. Je, wajua kwamba karibu nusu ya saratani zote za binadamu zina kasoro kwenye jeni ya protini moja? Inaitwa p53, na iligunduliwa mwaka 1979. Kazi yake ni kukagua: DNA ikiharibika, p53 husimamisha seli ili itengenezwe, na ikishindikana huiamuru ijiue.

11. Wajua kwa nini p53 haionekani kwenye seli yenye afya? Kwa sababu huuawa mara inapozaliwa. Protini nyingine, MDM2, huibandika chapa ya ubikwitini, ambayo ni amri ya kupelekwa kusagwa. Nusu ya p53 huisha ndani ya dakika 20 hivi. Utaratibu huo wa kusaga protini zenye chapa uliwapa Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose Nobel ya kemia mwaka 2004.

12. Wajua basi p53 huokokaje pale inapohitajika? DNA ikikatika, kinasi huwahi kuibandika p53 fosfati. MDM2 haiwezi tena kuishika vizuri, p53 hujaa kwenye kiini cha seli na ukaguzi unaanza. Uhai wa mtu umening'inia kwenye mashindano ya chapa mbili: fosfati ikiwahi, mlinzi anapona, ubikwitini ikiwahi, anasagwa.

13. Je, wajua kwamba tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi wanatushinda katika jambo hili? Tembo ana seli nyingi kuliko binadamu mara nyingi sana na huishi miongo mingi, hivyo kwa hesabu ya kawaida angepaswa kuugua saratani kila mara. Haugui hivyo. Mwaka 2015 watafiti walitangaza sababu mojawapo: binadamu hurithi nakala moja ya jeni ya p53 kwa kila mzazi, tembo hurithi ishirini kwa kila mzazi.

14. Wajua nakala hizo zina ujanja gani? Hazifanani. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba baadhi yake zina umbo tofauti pale MDM2 inapotakiwa kushika, kwa hiyo MDM2 haiwezi kuzibandika zote chapa ya kusagwa. Seli ya tembo ikiharibika kidogo tu, hujiua mapema. Tembo anaona ni afadhali kupoteza seli moja kuliko kulea uvimbe.

15. Je, wajua kwamba ngozi kuwa nyeusi zaidi juani ni kazi ya p53 pia? Miale ya jua ikijeruhi DNA, p53 huamsha mnyororo wa amri unaoishia kwenye kutengeneza melanini. Mtu mwenye ualbino hupata amri hiyo lakini hana uwezo wa kutengeneza rangi, ndiyo sababu saratani ya ngozi humwandama mapema. Mafuta ya kujikinga na jua ya Kilisun, yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, yalibuniwa kwa ajili yake. Kofia pana na mikono mirefu shambani ni sehemu ya kinga hiyohiyo.

SUMUKUVU: ADUI WA GHALANI

16. Je, wajua kwamba sumukuvu, sumu ya kuvu wa kwenye nafaka na karanga, ilifahamika kwa vifo vya bata mzinga? Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Afrika Mashariki tumeijua kwa uchungu zaidi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua watu 317 na kufa 125 kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikapiga Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20.

17. Wajua kwamba hao ni wale wa sumu nyingi kwa mara moja? Sumu kidogo inayoliwa kila siku haimlazi mtu. Huenda kwenye ini, ambako vimeng'enya hujaribu kuivunja na bila kukusudia huigeuza kuwa kali. Hunata kwenye DNA, hasa kwenye jeni ya p53, katika nafasi ya 249. Pale panapotakiwa kuwa na asidi amino iitwayo arginini, seli huanza kuweka serini.

18. Wajua ubaya wa serini hiyo? Serini ni mahali ambapo fosfati inaweza kubandikwa. Kwenye arginini, kinasi zinazobandika serini hazina pa kubandika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kinasi iitwayo CDK4, ambayo kazi yake ni kusukuma mgawanyiko wa seli, huibandika fosfati palepale kwenye serini mpya. Chapa hiyo huisaidia p53 mbovu kuingia kwenye kiini na kuipa nguvu MYC, protini inayochochea ukuaji. Mlinzi hakuacha kazi tu. Amehamia upande wa adui, na aliyempa nafasi ya chapa hiyo ni kuvu ya kwenye gunia.

19. Je, wajua kwamba damu hutunza kumbukumbu ya mahindi uliyokula? Sumukuvu hunata pia kwenye albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika maji ya damu. Wataalamu hupima albumini yenye chapa hiyo na kujua mtu alikula sumu kiasi gani kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Kipimo hicho kilitumika kwa watoto wa vijiji vitatu vya Tanzania: Nyabula mkoani Iringa, Kikelelwa mkoani Kilimanjaro na Kigwa mkoani Tabora, jirani zetu. Watoto wengi mno walikutwa nayo.

20. Wajua kwamba kupika hakuondoi sumukuvu? Joto la sufuria ya ugali haliivunji ya kutosha. Kukaanga karanga hupunguza kiasi fulani tu. Kuku na ng'ombe wakilishwa pumba zenye sumu hudhoofika, na sumu nyingine hupita kwenye maziwa. Kwa hiyo mahindi yaliyooza hayafai kuwa chakula cha mifugo wala kutengenezea pombe.

21. Je, wajua kwamba sumukuvu na homa ya ini aina ya B ni maswahiba? Kwa mtu mwenye kirusi cha homa hiyo, uwezo wa sumukuvu wa kuleta saratani ya ini hukadiriwa kuwa takribani mara 30 ya ule ulio kwa asiye nacho. Ndiyo maana chanjo ya homa ya ini B, ambayo watoto wa Tanzania wanaipata kwenye ratiba ya kawaida tangu miaka ya mwanzo ya 2000, ni chanjo dhidi ya saratani pia.

22. Wajua jinsi ya kupima unyevu wa mahindi bila mashine? Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa, uiache kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni.

23. Wajua mengine ya kufanya? Anika juu ya turubai, usianike juu ya udongo. Panga magunia juu ya chaga. Chambua punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu, maana sumu nyingi hukaa kwenye punje chache. Mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wengi wanaiita kinga njaa, huzuia wadudu na kuvu, ila nafaka iingie ikiwa kavu.

KIRUSI KINACHOAZIMA CHAPA

24. Je, wajua kwamba saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania inatokana na kirusi? Ni saratani ya mlango wa kizazi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 nchini. Kirusi ni HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, husababisha kama 70 kati ya kila saratani 100 za aina hii. Aliyeunganisha HPV na saratani hiyo, Harald zur Hausen wa Ujerumani, alipata Nobel mwaka 2008.

25. Wajua HPV humwuaje mlinzi? Haimgusi kwa mkono wake. Protini yake iitwayo E6 humshika mfanyakazi wa seli anayebandika ubikwitini, ikamwelekeza kwa p53. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayempiga mlinzi wake chapa ya kusagwa. Tofauti na sumukuvu, hapa jeni ya p53 mara nyingi ni nzima kabisa. Protini inazalishwa vizuri, ila haifiki kazini.

26. Wajua E7 nayo hufanya nini? Ni ndugu wa E6. Katika seli ya kawaida kuna protini iitwayo Rb inayozuia mgawanyiko hadi ibandikwe fosfati. E7 haisubiri fosfati: humshika Rb, humwondoa kazini, seli ikagawanyika. Breki zote mbili zimetoka.

27. Je, wajua kwamba seli za saratani ya mlango wa kizazi za Henrietta Lacks, mama wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1951, zinaishi hadi leo katika maabara duniani kote? Zilichukuliwa bila ridhaa yake. Zina HPV ya aina ya 18, na watafiti wakizizima E6 na E7 ndani yake, p53 hurudi na seli huacha kukua.

28. Wajua mchango wa Mwanza katika chanjo ya dunia? Kuanzia mwaka 2017, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki mkoani Mwanza katika utafiti wa DoRIS kulinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya HPV. Dozi moja ilizalisha kinga iliyodumu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliruhusu dozi moja, na Tanzania, iliyoanza kuchanja nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili, ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 mwaka 2024.

29. Je, wajua kwamba siki hutumika kuchunguza mlango wa kizazi? Mhudumu hupaka siki hafifu, asilimia 3 hadi 5, na kusubiri dakika moja. Asidi yake hugandisha kwa muda protini za seli. Seli zinazoelekea kuharibika zina protini nyingi kwenye viini vyake, hivyo hugeuka nyeupe na kuonekana kwa macho. Mama hupata jibu kabla ya kuondoka, na kidonda cha awali kinaweza kutibiwa siku hiyohiyo.

SAFARI YA BURKITT

30. Je, wajua kwamba saratani ya kwanza ya binadamu kuhusishwa na kirusi ilifahamika kupitia Afrika Mashariki? Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mwenye jicho moja, aliandika mwaka 1958 kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kwa gari kuukuu kiasi cha kilomita 16,000, wakipitia Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali kama wamewaona watoto wa namna hiyo. Ramani waliyochora ikalingana na ramani ya malaria.

31. Wajua ukungu wa Uingereza ulisaidiaje? Mwishoni mwa 1963 ndege iliyobeba kinyama cha uvimbe huo kutoka Kampala ilishindwa kutua London, ikaelekezwa Manchester. Kilipomfikia mtafiti Anthony Epstein, maji yake yalikuwa yamechafuka, na mchafuko ule ulikuwa seli hai zilizokatika na kuelea. Zikakubali kukuzwa maabara. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake.

32. Wajua chapa inaingiaje kwenye ugonjwa wa Burkitt? Kupitia MYC, ileile tuliyoikuta kwenye ini. Kwa kawaida MYC huishi chini ya nusu saa: fosfati hubandikwa katika nafasi ya 58, fosfati hiyo huita ubikwitini, MYC husagwa. Katika uvimbe wa Burkitt jeni ya MYC imehamishwa na kuwekwa karibu na swichi ya kingamwili, ikawaka mfululizo. Juu ya hapo, mara nyingi nafasi ya 58 huharibika. Fosfati haina pa kukaa, amri ya kusaga haiji, MYC hurundikana. Ndiyo sababu uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

33. Je, wajua kwamba mbio hizo ndizo udhaifu wake? Seli zinazogawanyika haraka hufa haraka zikipewa dawa. Mtoto akivimba taya au tumbo kwa muda mfupi bila jino bovu, apelekwe hospitali wiki hiyohiyo. Hospitali ya Bugando mjini Mwanza na Muhimbili jijini Dar es Salaam hutibu saratani za watoto. Na kwa kuwa malaria ni mshirika wa ugonjwa huu, chandarua kinachokinga homa kinakinga na hili pia.

34. Wajua Burkitt alihubiri nini alipozeeka? Nyuzinyuzi. Aliamini kwamba vyakula vya wakulima wa Afrika ndivyo vilivyowaepusha na magonjwa ya utumbo mpana aliyokuwa akiyaona Uingereza. Baadaye ikafahamika kwamba bakteria wa utumboni hugeuza nyuzinyuzi kuwa asidi iitwayo butireti, na butireti huzuia vimeng'enya vinavyofuta chapa ya asetili kwenye histoni.

35. Histoni, wajua ni nini? Ni protini ambazo DNA huzungushiwa. Kila seli yako ina DNA yenye urefu wa kama mita mbili, na isingetosha bila kukunjwa. Histoni ikiwa na asetili, DNA hulegea na jeni husomwa. Ikiondolewa, hukazwa na jeni hunyamaza. Saratani hupenda kunyamazisha jeni za ulinzi. Dawa ya vorinostati, iliyoidhinishwa mwaka 2006, hutumia njia ileile ya butireti kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo dona na maharage vina hoja, ila dona ya mahindi safi: sumukuvu nyingi hukaa kwenye ganda, na mahindi yenye shaka ni heri yachambuliwe na kukobolewa.

SUMU, MOSHI NA TIBA

36. Je, wajua kwamba aseniki, sumu maarufu ya kuulia, hutibu saratani? Madaktari wa Harbin, China, waliijaribu miaka ya 1970 kwa aina moja kali ya saratani ya damu. Baadaye ikajulikana inavyofanya kazi: hunata kwenye protini inayoleta ugonjwa, protini hiyo ikabandikwa chapa iitwayo SUMO, kisha ubikwitini, kisha ikasagwa. Ikichanganywa na dawa ya jamii ya vitamini A, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wa kundi linalofaa hupona. Hii ni kazi ya hospitali pekee, kwa kipimo cha daktari.

37. Wajua tumbaku inaingiaje? Katavi inailima, na wakulima wanajua bei yake kuliko sisi. Moshi wake una benzopireni, ambayo ini na mapafu huigeuza kuwa kali, ikanata kwenye DNA ya p53 katika nafasi zilezile zinazokutwa zimeharibika kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu. Ushahidi huo ulitolewa mwaka 1996.

38. Je, wajua kwamba Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iko katika majengo ya hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897? Ikawa taasisi ya saratani kwa sheria ya mwaka 1996. Wengi wanaofika hapo, hasa wa mikoa ya mbali, hufika ugonjwa ukiwa umeshaenea.

39. La mwisho, wajua ni nini kati ya haya kiko mikononi mwa mkazi wa Mwamkulu? Kinasi hazirekebishwi nyumbani. Lakini turubai la kuanikia, chupa ya chumvi, chandarua na kadi ya chanjo ya mtoto mchanga vinazuia chapa mbovu zisibandikwe. Chanjo ya HPV hutolewa bure, ni sindano moja, kwa msichana wa miaka 9 hadi 14, shuleni au kwenye kituo cha afya. Kama binti yako yumo katika umri huo na hajachanjwa, ulizia wiki hii.